Ngala na Neno Lake la Majimbo

Katikati ya jiji la Nairobi kuna barabara iitwayo Ronald Ngala, barabara ya maduka na kelele za matatu, ambayo vijana wetu wa Pwani waendao huko kutafuta riziki huikanyaga kila siku. Nimewahi kuwauliza watatu kati yao huyo Ngala alikuwa nani. Wa kwanza aliniambia alikuwa waziri. Wa pili akasema ni yule aliyekufa kwa sababu ya nyuki. Wa tatu, mtoto wa Mvita na tena msomi wa chuo kikuu, alinijibu kwa kubetua midomo: "Si ndiye yule wa majimbo?"

Majibu yote matatu ni sahihi, na hakuna hata moja linalotosha. Lakini hilo la tatu ndilo lililoniudhi, kwa namna neno lile lilivyotamkwa, kana kwamba ni tusi. Mimi maneno ndiyo yanilishayo, na nikiona neno limechafuka hupenda kujua ni nani aliyelichafua na kabla ya hapo lilikuwaje. Basi leo, wasomaji wapenzi, natumai mtanistahamilia nikimtazama marehemu Bwana Ngala pamoja na neno lake, na pia sisi watu wa mwambao tulivyokaa naye, maana hesabu hiyo ya mwisho hatujapata kuifanya kwa uadilifu.

Ronald Gideon Ngala alizaliwa mwaka wa 1923 katika nchi ya Wagiriama, Kilifi. Hiyo ni miaka tisa tu baada ya 1914, mwaka ambao Waingereza waliwapiga Wagiriama vita, wakawachomea nyumba na kuwaondoa kwa nguvu kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza, yule mama aliyewalisha watu kiapo wasimtumikie mkoloni, alikuwa amekamatwa na kupelekwa mbali bara, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Watoto waliozaliwa miaka hiyo walinyonya masimulizi ya ardhi iliyopotea pamoja na maziwa ya mama zao. Nalitaja jambo hili mapema makusudi. Atakayemsoma Ngala bila ya kuijua habari ya ardhi atamwona ni mtu mgomvi asiye na sababu.

Alisoma kwa wamisheni, Kaloleni kwanza, kisha akaenda Alliance huko Kikuyu, na baadaye Makerere, Uganda, alikotoka na shahada ndogo ya ualimu. Alifundisha sehemu mbalimbali za Pwani na akafikia kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton hapa Mombasa. Na mwaka wa 1949, miaka minane kabla hajaomba kura ya mtu yeyote, Eagle Press ya Nairobi ilimchapishia kitabu kidogo cha Kiswahili kiitwacho Nchi na Desturi za Wagiriama. Wengi wenu hamjapata kukiona. Mimi mwenyewe nimekitia machoni mara moja tu, katika maktaba ambayo hairuhusu kitabu kutoka nje. Hebu litazameni jina lake: nchi imetangulia, desturi zimefuata. Aliyachagua maneno hayo kijana wa miaka ishirini na kitu, na aliyaandika kwa Kiswahili, wala si kwa Kiingereza alichofundishwa na wazungu wake. Sisi washairi na waandishi wa mji tumezoea kuwahesabu waandishi wa Kiswahili kutoka Lamu mpaka Mvita, halafu tukafunga daftari. Ngala hatujapata kumhesabu.

Na sababu yake inajulikana. Kwa watu wa mji, mwalimu yule alikuwa mtu wa misheni. Mimi nimelelewa chuoni, juzuu mapajani na bakora ya mwalimu juu ya kichwa, na nafahamu vyema wazee wetu walivyozitazama shule zile: aliyempeleka mwanawe huko ni kama aliyempeleka kubatizwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa maana wamisheni wenyewe hawakuificha nia yao. Lakini ilikuwa na gharama. Siku zilipofika za kuketi na Mwingereza mezani na kupambana naye kwa lugha yake na kwa sheria zake, Wamijikenda na watu wa bara walikuwa na walimu wao wa kuwatuma. Sisi tuliojua mirathi, nahau na falaki tulikuwa na wachache mno wa aina hiyo.

LONDON

Machi 1957 ndipo Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wenyewe wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 8 tu kwa nchi nzima, na kura yenyewe ilipimwa kwa elimu, mali na utumishi, hata mtu mmoja akaweza kuwa na kura tatu na jirani yake asiwe na hata moja. Pwani ikamtoa Ngala. Wenziwe walikuwa Mboya, Odinga, Moi, Muliro, Mate, Muimi na Oguda. Walipoingia walikataa kupokea uwaziri hadi viti vya Waafrika viongezwe, na msimamo huo wa pamoja ndio uliomtikisa mkoloni.

Januari 1960 wakaitwa London, katika jumba la Lancaster, kujadiliana juu ya katiba. Nani awe kiongozi wa ujumbe wa Waafrika? Odinga na Mboya hawakuwa wakipatana, na mmoja asingekubali kukaa nyuma ya mwenzake. Akachaguliwa Ngala, na Mboya akawa katibu. Mshauri wao wa sheria alikuwa Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, ambaye mwaka wa 1967 alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Basi ndugu zangu, mkutano ule uliofungua mlango wa uhuru wa Kenya, ulipokubaliwa kwamba Waafrika watakuwa wengi katika Baraza, aliyeketi mbele kwa niaba ya Waafrika wote alikuwa mwalimu kutoka Kilifi. Jambo hili husahauliwa sana, hata na Wakilifi.

Waliporudi, vyama vya nchi nzima vikaruhusiwa. Kanu ikaundwa Kiambu, na Ngala akachaguliwa kuwa mweka hazina na Moi kuwa msaidizi wake, hali wote wawili wako safarini ng'ambo. Hawakukubali. Waliona meza imeshaandaliwa na wenye nyumba wameshakaa, wao wamewekewa viti vya pembeni. Tarehe 25 Juni 1960, huko Ngong, wakaunda Kadu, na Ngala akawa rais wa chama. Ndani yake walikuwamo Wakalenjin, Wamaasai, watu wa Muliro kutoka magharibi na watu wa Pwani. Kilichowaunganisha ni hofu kwamba Wakikuyu na Waluo, kwa wingi wao, wakishikana mikono hakuna atakayebakiziwa kitu. Huko Bonde la Ufa hofu ilikuwa ya mashamba ya wazungu, yatamwangukia nani wazungu wakiondoka. Hapa kwetu ilikuwa ya ardhi, na ya kazi za bandarini.

Katika uchaguzi wa 1961 Kanu ilipata viti 19 na Kadu 11. Kanu ikakataa kuunda serikali hadi Mzee Kenyatta aachiliwe. Gavana Renison akamgeukia Ngala, na Ngala akakubali, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali, akisaidiwa na wazungu wa Bwana Blundell na wajumbe walioongezwa na gavana mwenyewe. Hapa ndipo alipoitwa kibaraka, na wapo ambao hawajamsamehe hadi leo. Kwa kweli serikali inayosimama kwa fimbo ya gavana si serikali ya kujivunia. Lakini ni katika serikali hiyohiyo kwamba Kenyatta alirudishwa Gatundu, Agosti 1961, akakuta nyumba aliyojengewa na serikali. Ngala alitaraji Mzee atakaa kando ya vyama vyote viwili. Oktoba mwaka uleule Mzee akapokea uongozi wa Kanu, na matarajio hayo yakaishia hapo.

NENO LENYEWE

Sasa tulifikie neno. Jimbo ni sehemu ya nchi yenye mipaka inayojulikana, na hakuna fitina yoyote ndani yake. Ndugu zetu wa Tanzania hadi leo mbunge wao huchaguliwa na jimbo lake, na hakuna ashtukaye. Ngala na wenziwe walilitumia kueleza jambo lililokuwa likifanywa Uswisi na kwengineko: kwamba nchi iwe moja, lakini kila sehemu iwe na baraza lake, likiangalia ardhi yake, shule zake, hospitali zake na sehemu ya kodi zake, na aliye juu asiweze kuyaondoa hayo kwa kuamka vibaya siku moja. Magazeti ya Kiingereza hayakupata neno zuri la kwao, yakalichukua hilihili la Kiswahili kama lilivyo. Kiswahili hakijaikopesha siasa ya Kiingereza ya Kenya maneno mengi. Uhuru ni moja, harambee ni la pili, majimbo ni la tatu.

Mkutano wa pili wa Lancaster, kuanzia Februari hadi Aprili 1962, ndio uliokuwa wa majimbo hasa. Kadu walitoka na karibu yote waliyoyaendea. Kwa muda wa mwaka mmoja Kenyatta na Ngala wakakaa katika serikali moja ya mseto, kila mmoja waziri, kila mmoja akimwangalia mwenziwe. Katiba iliyofuata ikaigawa Kenya majimbo saba pamoja na mji wa Nairobi, ikaweka na Seneti ya wajumbe 41 ya kuyalinda majimbo hayo. Karatasi haikuwa na kasoro kubwa.

Lakini Pwani tulikuwa na kesi ya pili, na hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kwa mkataba wa Disemba 1895, Sultani wa Unguja aliwapa Waingereza ukanda wa pwani wa maili kumi wautawale kwa kodi ya kila mwaka, nao ukabaki kuwa mali yake. Ndiyo maana bendera nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Mombasa, na nchi yote ikaitwa Koloni na Himaya, bara likiwa koloni na kwetu himaya. Uhuru ulipokaribia, watu wengi wa mwambao, Waarabu na Waswahili, walisema: ikiwa mpangaji anaondoka, nyumba na irudi kwa mwenyewe, au tuachiwe tujitawale. Chama cha Mwambao kikapata nguvu, na Sheikh Abdilahi Nassir, kijana wakati ule, aliyeingia Barazani mwaka wa 1961, akaisimamia kesi hiyo hadi London. Sheikh alitutoka mwaka wa 2022, Mwenyezi Mungu amrehemu, na wengi tulimjua zaidi kwa vitabu na darsa kuliko siasa. Waingereza wakamtuma Sir James Robertson kuchunguza. Ripoti yake ya 1961 ikasema ukanda uunganishwe na Kenya, na Waislamu wapewe dhamana za dini yao na mahakama zao.

Ngala aliipinga Mwambao, na hakuipinga kwa upole. Kwetu mjini ilisemwa ni chuki ya mtu wa misheni kwa Uislamu. Nimeyasikia hayo mara nyingi vibarazani, kutoka kwa wazee ninaowaheshimu, na sikubaliani nao. Someni sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908. Kwa sheria ile, watu wa ukanda waliokuwa na madai waliitwa wayalete wapewe hati. Waliozipata wengi walikuwa Waarabu, Waswahili na Wahindi. Mgiriama, Mdigo, Mchonyi, ambaye ardhi kwake ni ya mbari wala si ya karatasi, mara nyingi alitoka mikono mitupu, akawa mkaaji tu katika shamba alimozikwa babu yake. Maskwota wa Pwani hawakuanza jana. Kwa hiyo mzee wetu aliposema "nchi hii ni ya Sultani", yeye alikuwa akitetea dini yake, kadhi wake na heshima yake. Ngala alisikia kwamba hati zile zimetiwa muhuri wa milele.

Na Ngala aliposema "jimbo la Pwani", mzee wetu naye hakusikia alichoambiwa. Alihesabu vichwa, akaona Wamijikenda ni wengi, akasikia kwamba mji wa Mvita utatawaliwa na Wanyika. Ndivyo walivyoitwa siku hizo, kwa jina wasilolipenda na ambalo sisi tulilitumia pasi na haya. Wote wawili walikuwa wakiogopa kitu kimoja, kutawaliwa kutoka Nairobi na watu wasiojua pepo za kusi na kaskazi. Mmoja alitaka ulinzi wa Sultani, mwengine ulinzi wa katiba. Walisali kwengine na kuzikana kwengine, lakini soko lao lilikuwa moja na lugha yao moja, na hawakuweza kukaa chini ya mwembe mmoja wakaulizana: wewe hasa unaogopa nini? Robertson wa Uingereza ndiye aliyekuja kuwauliza, kila mtu peke yake.

Oktoba 1963 mambo ya ukanda yakamalizwa kwa mkataba na kwa barua kati ya Waziri Mkuu Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Mohamed Shamte. Sultani akauachia ukanda. Kenya ikaahidi kwamba dini itakuwa huru, kadhi atabaki na hukumu zake, hati za ardhi zitatambuliwa. Mwezi mmoja baada ya uhuru wetu, Januari 1964, Sultani mwenyewe akapinduliwa, na hata angetaka kudai kitu asingekuwa na pa kusimama.

SIKU YA KUVUNJA CHAMA

Uchaguzi wa Mei 1963 Kanu ilishinda kwa viti 83 dhidi ya 33 vya Kadu. Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Katiba ya majimbo sasa ilikuwa mikononi mwa serikali isiyoyataka majimbo, na hapo mtu hana haja ya kuwa mtabiri. Ngala na wenziwe wakarudi London mara ya tatu, wakalalamika, hata wakatishia kujitenga, wakarudi na katiba iliyolegezwa. Uhuru ukaja tarehe 12 Disemba 1963. Majimbo yalikuwa na mabaraza, lakini kazi na fedha zilizoandikwa katika katiba zilicheleweshwa Nairobi, leo kwa udhuru huu, kesho kwa udhuru ule. Wabunge wa Kadu wakaanza kuvuka mmoja mmoja kwenda upande wa serikali, ambako kulikuwa na vyeo.

Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akatangaza kwamba Kadu imevunjwa. Akavuka na wenziwe waliosalia. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri ya chama kimoja kwa vitendo, na katika miaka michache iliyofuata majimbo yakageuka mikoa ya wakuu wa mikoa walioteuliwa na rais, na Seneti nayo ikafutwa.

Wapo wanaomsifu kwa siku ile, wakisema alitanguliza umoja wa nchi. Wapo wanaosema aliuza. Mimi naona aliuza rahisi. Chama chake kilikuwa kinamponyoka, hilo kweli, na pengine miezi sita zaidi kingekufa chenyewe. Lakini mfanyabiashara yeyote wa Marikiti anajua kwamba hata mzigo unaooza huuzwa kwa bei, na bei huandikwa. Sijaona popote kwamba watu wa Pwani waliandikiwa kitu kwa siku ile, si juu ya ardhi, si juu ya bandari. Hata yeye binafsi hakuambulia. Moi, aliyekuwa mwenyekiti wa Kadu, alipewa Wizara ya Mambo ya Ndani Disemba ileile. Ngala, aliyekuwa rais wa chama, alingoja mpaka 1966.

Na hapa kuna jambo ambalo hunishughulisha. Watu wa Mwambao walishindwa, tena mapema, lakini kadhi wao yupo hadi leo. Alikuwamo katika katiba ya 1963, akavuka mabadiliko yote ya Kenyatta na ya Moi, na katika katiba ya 2010 yumo katika kifungu cha 170. Ngala alishinda, akapata majimbo yake yote kwa maandishi, na baada ya mwaka mmoja hayakuwapo. Vyote viwili viliandikwa katika katiba ileile. Wengine watasema ni baraka ya dini. Mimi nadhani sababu ni ya kidunia zaidi. Kadhi anataka mirathi, ndoa na talaka za Waislamu. Hagombei kodi ya bandari, hataki askari, hapimi ardhi ya mtu. Serikali iliyokuwa Nairobi iliweza kumwacha bila ya kupungukiwa na senti. Jimbo lilitaka vyote hivyo. Basi sisi tuliachiwa tulichoweza kuachiwa, tukashukuru, na wakati jimbo lilipokuwa likivunjwa hatukunyanyua sauti, kwa sababu tulidhani linalovunjwa ni la Ngala.

Miaka yake ya baadaye naipita haraka. Mwaka wa 1966, katika mkutano wa Limuru, alichaguliwa kuwa mmoja wa manaibu wanane wa rais wa Kanu, kwa upande wa Pwani, na akapewa Wizara ya Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii. Baadaye alikuwa Waziri wa Nguvu za Umeme na Mawasiliano. Alizozana na Kanu ya Mombasa, Kanu ya Mombasa ikazozana naye, na nguvu nyingi zilipotea humo. Disemba 1972 gari lake lilipata ajali Konza, katika barabara ya Mombasa, na ikasemwa kwamba nyuki waliingia ndani. Alifariki tarehe 25 Disemba, siku ya Krismasi, kabla hajafikia miaka 50. Nimesikia riwaya nyingi juu ya nyuki wale, na sina ya kuongeza. Mwanawe, Bwana Noah Katana Ngala, aliingia Bunge mwaka wa 1974 na baadaye naye akawa waziri.

Mwenyewe alikufa, lakini neno halikumfuata kaburini. Lililala karibu miaka ishirini. Mwaka wa 1991, vyama vingi viliporudi, wanasiasa wa Kanu, chama kilichoyaua majimbo, ndio waliolifufua. Safari hii halikuwa na mabaraza wala Seneti ndani yake. Lilikuwa na maana moja: mgeni arudi kwao. Bonde la Ufa likachomeka. Na tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, askari wakauawa, na vikaratasi vikawaambia watu wa bara waondoke.

Nilivuka feri siku chache baadaye nikiwa kijana wa gazeti. Vibanda vilikuwa majivu. Katika uwanja wa kanisa katoliki, palipokimbiliwa na watu, nilimkuta mama mmoja wa Kikamba ambaye kwa miaka mingi alikuwa akituuzia mboga mtaani kwetu, ameketi juu ya sanduku lake na wajukuu wawili. Alinijua. Hakunisalimu. Aliniuliza tu, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wengi waliozaliwa hapa: "Mwanangu, wewe unaandika. Majimbo ndiyo haya?" Nilikuwa ninajua Lancaster, nilikuwa ninajua viti vya 1963, na hakuna hata kimoja kilichonifaa pale.

Kwa hiyo katiba mpya ilipoandikwa na kupitishwa mwaka wa 2010, waandishi wake walilikwepa neno lile kama mtu anavyokwepa shimo analolijua. Wakatuletea ugatuzi na kaunti. Mabaraza ya kila sehemu yakarudi, Seneti ikarudi, na fedha mara hii zikaandikwa kwa hesabu: si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Magavana wa kwanza walichaguliwa Machi 2013. Jimbo moja la Pwani la Ngala limekuwa kaunti sita, Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, na kila mwaka magavana wake huenda Nairobi kulalamika kwamba fedha zimechelewa. Angekuwapo angeyatambua malalamiko hayo. Maskwota nao angewatambua, kwa kuwa wangaliko, na baadhi ya kesi zao zingali zinarudi kwenye hati zilizotolewa chini ya sheria ileile ya 1908.

Kile kitabu chake cha 1949 sijakiona dukani miaka yote hii. Ikiwa yuko msomaji, Kaloleni au popote pengine, mwenye nakala aliyoachiwa na wazee wake, nitashukuru aniandikie kupitia gazeti hili. Nitakifuata mwenyewe, nitakisoma hapo hapo barazani kwake, na sitaomba kutoka nacho.